Ukulele ya bei nafuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shemeji alipoiona juu ya meza aliuliza nimemnunulia nani kati ya watoto. Nikaichukua, nikabonyeza uzi mmoja kwa kidole kimoja, nikapitisha dole gumba juu ya nyuzi zote nne. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hebu rudia."

Ni ukulele, ala ya nyuzi nne inayofanana na gitaa dogo. Yangu ni ya saizi iitwayo soprano, ndogo kuliko saizi za konseti, tenor na baritoni, imetengenezwa kwa plaiwudi ya mahogani. Nimeinunua kwa pesa ambayo isingenipatia hata gitaa lililotumika. Furaha niliyo nayo kwa chombo hiki sijaipata tangu nilipoanza kupiga gitaa ujanani. Na kwa kuwa kila anayeiona ana neno lake, na maneno yenyewe ni yaleyale, nimeona niyajibu kwa pamoja.

"Kwa bei hiyo, hicho ni kitu cha kuchezea watoto."

Wanaosema hivi wana sababu. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kununua ukulele kwenye duka la zawadi, imepakwa rangi nzuri ya buluu. Kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) ilikubali, lakini nikihamia F sikio linauma. Niliamini kosa ni langu, nikaipandisha juu ya kabati na huko ikakaa mwaka mzima. Ningekuwa na mtu wa kunieleza siku ile, nisingejilaumu.

Kinachotenganisha ala na mwanasesere ni mahali zilipowekwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Uzi wa soprano una urefu wa sentimita 33 hadi 35 hivi, wakati wa gitaa hufika kama 65. Kwa hiyo kosa lilelile la milimita moja, ambalo kwenye gitaa mtu anaweza kulisamehe, kwenye ukulele linapotosha sauti karibu mara mbili. Kadiri ala ilivyo ndogo ndivyo inavyodai fundi makini. Habari njema ni kwamba siku hizi viwanda vingi hukata nafasi za freti kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haichoki wala haikadirii kwa jicho. Ndiyo maana ukulele ya bei ya chini leo inaweza kuwa sahihi kabisa. Zipo pia zisizo sahihi, kwa hiyo ijaribu kabla hujatoa pesa.

Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 uupige tena. Noti iwe ile ile, ila ya pili isikike juu zaidi. Programu ya simu ya kutyuni, yaani ya kupanga sauti za nyuzi, itakuamulia. Angalia nafasi kati ya uzi na freti hiyo ya 12: milimita mbili na nusu hadi tatu inatosha, zaidi ya hapo vidole vitateseka. Halafu bonyeza freti ya kwanza. Sauti ikiruka juu kuliko inavyotakiwa, ujue kile kipande chenye mifereji kinachoshikilia nyuzi juu ya shingo hakikuchongwa kina cha kutosha. Hicho ndicho kilichoniharibia F yangu, na fundi mwenye kijitupa chembamba angekirekebisha kwa dakika chache. Mwisho, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Freti zikikukwaruza, irudishe mahali ulipoikuta.

Na kama bado unaona bei ndogo ni aibu, mkumbuke Mario Maccaferri, fundi na mpiga gitaa kutoka Italia, aliyebuni pia magitaa ya kampuni ya Selmer yaliyovuma Ufaransa miaka ya 1930. Mwaka 1949, akiwa Marekani, alitoa ukulele ya plastiki aliyoiita Islander, kwa bei isiyofika dola 6. Ilinunuliwa kwa mamilioni. Ilikuwa plastiki tupu, lakini freti zake zilikaa panapostahili, na iliimba.

"Ya mbao nzima ndiyo ya kweli, plaiwudi ni takataka."

Hapa kuna nusu ya ukweli. Uso wa mbao nzima hutetemeka kwa uhuru zaidi, na ukulele nzuri ya koa, mti wa Hawaii wa jamii ya akasia, ina sauti ambayo plaiwudi haiifikii. Nikizipata pesa nitaitafuta, sikatai.

Lakini wanaosema hivyo husahau hewa. Mbao nzima hunywa unyevu ikavimba, na ikikauka hunywea, pengine ikapasuka. Anayeishi Tanga au Mombasa anajua milango ya kabati inavyokwama wakati wa masika. Ubao mwembamba wa milimita mbili hivi nao hupatwa na hayohayo, uso ukatuna na nyuzi zikainuka. Ukiihamishia chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, mambo hugeuka upande wa pili. Plaiwudi imegandishwa matabaka yaliyopishana mikondo, hivyo tabaka moja linapotaka kwenda, jingine hulizuia. Kwangu mimi, ambaye ala yangu inakaa sebuleni karibu na dirisha na watoto wanaichukua bila kuuliza, plaiwudi iliyotengenezwa vizuri ndiyo chaguo la akili. Ninailinda na jua kali, ninaifuta jasho, basi. Isitoshe, mbao nzima iliyounganishwa ovyo italia vibaya kuliko plaiwudi iliyounganishwa kwa ustadi.

"Ni ala ya Hawaii tangu enzi za mababu."

Ya Hawaii, ndiyo. Tangu enzi za mababu, hapana, na hadithi yake ndiyo inayonifanya niipende zaidi.

Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na mamia ya watu kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kati yao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Walikotoka walizoea vigitaa viwili vidogo, *machete* na *rajão*. Baada ya shamba walifungua karakana mjini, wakawa wanatengeneza samani na ala, na kwa mbao za koa walizozikuta kikazaliwa kitu kipya: umbo likifuata *machete*, mpangilio wa sauti ukifuata *rajão*. Mfalme Kalākaua alikipenda, akakiingiza kwenye sherehe za ikulu. Wahawaii wakakifanya chao.

Jina wengi hulifasiri "kiroboto arukaye", kwa sababu *uku* ni kiroboto na *lele* ni kuruka. Malkia Liliʻuokalani, mtunzi mkubwa wa nyimbo, alipendelea maana nyingine: zawadi iliyokuja. Nami niko upande wa malkia. Watu wa pwani yetu hawatashangaa, maana udi wa taarabu nao ulivuka bahari kabla haujawa wetu.

Nje ya visiwa, ukulele ilivuma baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915. Mwaka uliofuata Samuel Kamaka alianza kuzitengeneza Honolulu, na kazi ya familia hiyo inaendelea hadi leo. Kwa hiyo chombo hiki kimeanzia mikononi mwa vibarua na maseremala. Sioni kwa nini mtu asiye na pesa nyingi ajione mgeni mbele yake.

"Ni gitaa lililopunguzwa."

Mpiga gitaa atavitambua vidole vyake: nyuzi nne za gitaa zilizo nyembamba zaidi, ukizibana freti ya tano, zinakupa G, C, E, A. Tofauti ni kwamba G ya ukulele ya kawaida iko juu, haijashuka kama uzi wa nne wa gitaa. Ukipangusa nyuzi kuteremka, sauti haipandi ngazi kwa ngazi. Inaanza juu, inashuka, inapanda tena. Ule mrindimo wa furaha ambao kila mtu anautambua hata kabla ya kujua jina la ala unatoka hapo. Wenye vidole vinene hujitoa mapema, bila sababu. Israel Kamakawiwoʻole, mwimbaji wa Hawaii, alikuwa na mwili mkubwa mno, na ukulele ya tenor ilionekana ndogo kifuani pake, lakini hakuna aliyesikia akikosea kwa ajili ya unene wa vidole.

"Mpya, lakini haikai kwenye sauti. Umepigwa."

Siku ya kwanza nilikaza masikio yake, vile vishikio vya kukazia nyuzi, zaidi ya mara ishirini. Nikimaliza wimbo mmoja, A imeshuka. Nikiirudisha A, C imelegea. Anayetoka kwenye gitaa la nyuzi za chuma anaweza kudhani ameuziwa kibovu na akairudisha dukani jioni hiyohiyo. Nyuzi za nailoni na za jamii yake hurefuka taratibu zinapokuwa mpya, kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi. Dawa ni kuzivuta kwa upole kwa kidole, kutyuni, kuvuta tena, na kupiga kila siku. Hakikisha tu fundo kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni pa ala, limeshika na masikio hayarudi nyuma yenyewe.

Leo ni siku ya sita. Asubuhi kabla ya chai niliishika nikaipangusa bila kugusa sikio lolote, na nyuzi zote nne zilikuwa pale nilipoziacha jana usiku. Shemeji ameshajua C, kidole kimoja, uzi wa A, freti ya tatu. F bado inamsumbua, na kila akikosea anaangalia vidole vyake, haangalii ala.