Kwa nini watafiti wa ncha za dunia hugawana data zao?

Je, wajua kuwa vipimo vilivyochukuliwa na ndege ya nchi moja kule Antaktika, bara la ncha ya kusini, huweza kutumiwa bure na mtafiti wa nchi nyingine kabisa? Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, unataka matokeo ya utafiti yabadilishanwe na yapatikane kwa wote, kadiri inavyowezekana. Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikubaliana hayo Vita Baridi ikiwa imepamba moto.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Karl Weyprecht, ofisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria, aliona misafara ya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, ikishindania kufika mbali huku vipimo vyake havilinganishiki. Akashauri vituo vingi vipime hali ya hewa na usumaku wa dunia kwa wakati mmoja, kwa utaratibu mmoja. Alifariki 1881, mwaka uliofuata mpango huo ukaanza.

Leo faida yake inaonekana wazi chini ya barafu. Ndege hurusha mawimbi ya rada, yakapenya barafu, yakagonga mwamba na kurudi. Muda yanaotumia ndio unaoonyesha unene. Lakini kila safari hupima mstari mmoja mwembamba tu, na Antaktika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 14. Hakuna nchi inayoimaliza peke yake. Mradi wa Bedmap huunganisha mistari ya nchi nyingi, na ramani yake ya 2025 imeonyesha barafu yenye unene wa mita 4,757 huko Wilkes Land. Muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuonyesha wapi mwamba uko chini ya usawa wa bahari, maana hapo maji yenye uvuguvugu yanaweza kuila barafu kwa chini na kuinua bahari duniani kote.

Aliyeteseka na baridi akipima anastahili kutangulia kuchapisha. Msafara wa MOSAiC, ulioelea na barafu ya Aktiki 2019–2020, ulifungulia data zake umma Januari 2023. Naona ni haki, mradi kungoja huko kuwe na mwisho.

Aktiki haina mkataba kama ule wa kusini. Nchi 8 zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa kisayansi mwaka 2017, lakini Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, mengi yalikatika. Urusi ina karibu nusu ya pwani ya Aktiki, pamoja na ardhi kubwa ya Siberia iliyoganda na kufungia kaboni nyingi. Satelaiti huona uso wa ardhi hiyo. Joto la udongo wa kina hupimwa na mtu aliyepo pale, mwenye kifaa ndani ya shimo.