Kwa Nini Airisi Mbili za Njano Huweza Kuzaa Ua la Rangi ya Waridi?

Chukua airisi mbili ndefu, maua ya bustani yenye ndevu (vinyweleo vilivyo kwenye petali), zote za njano, uzichavushe kwa mkono, kisha usubiri miaka miwili au mitatu mpaka miche ichanue. Mingi itatoa maua ya njano au ya krimu. Lakini huenda mche mmoja ukafungua ua la rangi ya waridi lenye ndevu za rangi ya chungwa iliyokolea. Limetoka wapi?

Wengi husema rangi zimechanganyika. Hazikuchanganyika: njano na njano, hata ukizikoroga mpaka kesho, hazitoi waridi. Wengine humsingizia nyuki. Kwa mbegu zilizojitunga zenyewe huenda wana haki, lakini mzalishaji makini hukata zile petali tatu zinazoning'inia, maana ndipo nyuki anapotua, kisha anapaka chavua kwenye kijimdomo chembamba cha stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, kilichojificha chini ya mkono wa sehemu ya kike ya ua. Nyuki akija baadaye hana pa kukanyaga.

Jibu la tatu hutolewa na waliofuatilia baiolojia shuleni, na ndilo gumu kuling'oa kwa sababu lina ukweli ndani yake. Jeni ya waridi hujificha, wanasema, na wazazi wote wawili wanaibeba. Basi mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa wa waridi. Hesabu hiyo ni ya Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, na njegere zake, na kwa njegere ni sawa kabisa. Njegere ina nakala mbili za kila jeni, kama sisi binadamu. Airisi ndefu za bustani za leo zina nakala nne. Kosa hili lina gharama: mtu anaotesha miche kumi na miwili, haoni waridi hata moja, anaamua kwamba wazazi hawana jeni hiyo na kuwang'oa. Kumbe wanayo.

Nakala nne zilikujaje? Kwa ufupi: airisi za zamani za Ulaya, zilizotokana hasa na Iris pallida na Iris variegata, zilikuwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 24, yaani seti mbili za 12. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Michael Foster, profesa wa fiziolojia huko Cambridge, alianza kuzalisha kwa kutumia mimea yenye maua makubwa kutoka Uturuki na nchi jirani. Mimea hiyo ilikuwa na kromosomu 48, yaani seti nne za 12, na vizazi vyake ndivyo vilivyotawala bustani.

Sasa fikiria kila mzazi ameshika karata nne. Nyeusi ni jeni ya kawaida, nyekundu ni jeni ya waridi. Karata nyeusi moja tu inatosha kulizuia ua lisiwe la waridi. Lazima mtoto apate nyekundu zote nne. Kila mzazi hutoa karata mbili bila kuangalia. Tuseme mzazi ana nyeusi mbili, A na B, na nyekundu mbili, C na D. Jozi anazoweza kutoa ni AB, AC, AD, BC, BD na CD. Ni sita, na moja tu, CD, ni nyekundu tupu. Mzazi wa pili naye yuko hivyohivyo. Moja ya sita mara moja ya sita: mtoto mmoja kati ya 36.

Na hiyo 36 ni wastani, si ahadi. Ukiotesha miche 36 hasa, uwezekano wa kutopata waridi kabisa bado unazidi theluthi moja. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, andaa nafasi ya miche 107 hivi. Kama kila mzazi ana nyekundu tatu, mambo ni mepesi: ni mmoja kati ya wanne, hesabu ya Mendel imerudi kwa mlango wa nyuma. Mmoja wao akiwa na nyekundu moja tu, hatoi jozi nyekundu kamwe, na waridi haitaonekana mpaka kizazi kingine.

Hesabu hii inachukulia kwamba kromosomu nne hugawana bila upendeleo, na katika seli halisi mambo hupotoka kidogo. Tena waridi, inayotokana na likopeni, rangi ileile ya nyanya, huonekana vizuri pale tu ambapo zambarau haijafunika petali. Ndiyo maana kuna airisi za zambarau zenye ndevu nyekundu: karata zote nne ni nyekundu, lakini ni ndevu tu zinazotoboa siri. Mimi hiyo huiona nzuri kuliko waridi yenyewe.

Kwa macho, njano yenye nyekundu moja na njano yenye tatu huweza kufanana kabisa. Kinachozitofautisha ni daftari. Mzalishaji hufunga kibandiko kwenye bua siku ileile ya kuchavusha: mama kwanza, alama ya kuzidisha, kisha baba. Kila uchavushaji hupewa namba yenye mwaka, na kila mche unaobakizwa hupewa herufi au namba yake. Anayemshuku mzazi humchavusha na airisi ya waridi na kuhesabu watoto: nusu wakiwa waridi, mzazi ana nyekundu tatu, mmoja kati ya sita, ana mbili, asipopatikana hata mmoja kati ya wengi, ana moja au hana, na itabidi wajukuu waulizwe. Kwa hiyo miche ya njano isiyovutia nayo lazima ihesabiwe kabla ya kutupwa.

American Iris Society, chama cha airisi cha Marekani kilichoanzishwa 1920, husajili majina pamoja na wazazi wa kila aina. Airisi za waridi zilianza kuvuma miaka ya 1940, na 'Cherie' ya David Hall wa Marekani ikapata Medali ya Dykes, tuzo ya juu ya airisi, mwaka 1951. Tatizo moja daftari haliliondoi: mbegu za airisi hazioti kwa pamoja. Baadhi hulala mwaka mmoja au zaidi, hivyo kibandiko kinapaswa kubaki kwenye chungu hata baada ya ndugu zao kuhamishiwa bustanini, na anayefunga hesabu mapema anafunga hesabu pungufu.