Ubingwa wa Kulwicki haukuwa wa kuokota
Tangu mwaka 1992 husemwa kwamba Alan Kulwicki, dereva aliyemiliki timu yake ndogo, alitwaa ubingwa wa NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, kwa sababu tu Davey Allison, kinara wa msimamo kwa pointi 30, alipata ajali katika mbio za mwisho huko Atlanta. Ajali ilitokea kweli, lakini ilimwachia Kulwicki mpinzani mwingine, Bill Elliott, huku gia namba moja ya gari la Kulwicki ikiwa imekwisha kuharibika. Timu yake ilipiga hesabu, ikamchelewesha kuingia kujaza mafuta hadi akaongoza mizunguko 103 dhidi ya 102 ya Elliott, akazoa pointi 5 za nyongeza alizopewa aliyeongoza mizunguko mingi zaidi. Elliott alishinda mbio hizo. Kulwicki, aliyemaliza wa pili, akawa bingwa kwa pointi 10. Mzunguko mmoja tu ungehamia kwa Elliott, wangelingana, na Elliott, mwenye ushindi mwingi zaidi msimu huo, ndiye angetawazwa.