Rangi ya nyoka mchanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, hana sumu. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, na huko na Ulaya amekuwa nyoka wa kufugwa nyumbani. Wafugaji wamezalisha rangi nyingi, na kila rangi ina bei yake. Anayeumia ni mnunuzi, kwa sababu huuziwa mtoto aliyetoka yaini juzijuzi kwa jina ambalo pengine hata muuzaji hawezi kulithibitisha.

"Rangi aliyoanguliwa nayo ndiyo atakayokuwa nayo." Sivyo. Mtoto wa rangi ya kawaida huanguliwa amefifia, ana ukahawia na ukijivu. Rangi ya machungwa humjia polepole kadiri anavyokua na kujivua gamba. Hata aina ya damu, ambayo ikikomaa huwa nyekundu karibu mwili mzima, huanza maisha na mbavu za kijivu.

"Mtoto wa kijivu ni aneri." Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Ni kweli aneri, yaani aina iliyokosa wekundu, hana rangi nyekundu, kwa hiyo huzaliwa na kijivu na weusi. Lakini aina ya mkaa nayo huzaliwa hivyo, aina ya lavenda hukaribiana nayo sana, na wa aina ya karameli wengi wakiwa wachanga hudhaniwa ni aneri. Akikua, aneri hupata umanjano kidevuni na shingoni. Mkaa kwa kawaida hapati. Karameli umanjano humtokea mbavuni. Mtoto wa wiki tatu hana bado alama hizo, basi anayeapa kwa kumtazama tu anabahatisha. Kinachosaidia ni kuwajua wazazi. Rangi hizi nne hufichika: mtoto haonyeshi rangi mpaka apokee jeni yake kwa baba na kwa mama. Ukijua wazazi wamebeba nini, majina mengi yanaondoka yenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo si kweli kwamba wazazi wa rangi ya kawaida huzaa watoto wa kawaida tu. Mzalishe ameli, yaani aina iliyokosa weusi, na aneri, wote wawili wasiobeba jeni nyingine za siri: watoto wote watatoka wa kawaida. Wakutanishe watoto hao, na kwa wastani mmoja kati ya 16 atatoka theluji, yaani hana weusi wala wekundu.

Ameli ndiye rahisi kumtambua. Siku ya kwanza tu macho yake ni mekundu, na hana doa jeusi popote, hata tumboni. Wanaomwita albino na kutarajia awe mweupe hushangaa, kwa kuwa huyu amekosa weusi peke yake. Wekundu na rangi ya machungwa anazo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni ya OCA2. Kwa binadamu, hitilafu za jeni hiyohiyo ndizo chanzo cha aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara.

"Okeetee ni jeni." Hapana, ni ukoo uliochaguliwa kwa miaka mingi, asili yake Jasper County, South Carolina. Mpaka mweusi mnene kuzunguka madoa hukolea kwa umri, kwa hiyo kwa mtoto ni matumaini tu.

"Chakula hubadilisha rangi." Hapana, chakula nacho hakigeuzi aneri kuwa aina nyingine.

Na picha moja ya mgongo haitoshi. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hupauka, macho yakawa ya samawati-ukungu. Subiri ajivue, umpige picha kwenye mwanga wa mchana, na umgeuze tumbo. Tumbo la kawaida lina miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Aina ya damu na aina iitwayo motli hawana miraba hiyo, na jambo hilo huonekana tangu utotoni. Muuzaji akisema "lavenda" bila kukuonyesha wazazi, mlipe bei ya nyoka wa kijivu.