Sayari kutoka mwaloni: tunayoambiana na yaliyo kweli

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza wanazijua nyota kuliko sisi tunaolala usiku. Kazi yao inataka giza. Kukiwa na mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, basi mitumbwi inalala mwaloni, yaani ufukweni inakoegeshwa. Hata hivyo, kuanzia Igombe hadi Kirumba kuna maneno kuhusu sayari yaliyozoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayeyahoji.

"Nyota ya jioni na nyota ya asubuhi ni mbili."
Ni moja, na wala si nyota. Ni sayari ya Zuhura. Iko karibu na Jua kuliko Dunia, ndiyo maana tukiitazama haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47 za pembe. Kwa saa za Mwanza, ikiwa ni ya jioni utaiona upande wa ziwani jua likishazama, na kufikia saa 4 usiku imetoweka. Ikiwa ni ya alfajiri, haichomozi kabla ya saa 9 usiku. Anayeapa kwamba aliiona utosini saa 6 usiku, mara nyingi aliona sayari nyingine, Mshtarii (Jupita).

"Zebaki ndiyo yenye joto kali, maana iko jirani na Jua."
Hesabu inaonekana sawa, ila imesahau hewa. Zebaki karibu haina angahewa: mchana hufika nyuzijoto 430 hivi, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Zuhura imefunikwa na hewa ukaa nzito inayozuia joto lisitoke, kwa hiyo usiku na mchana ni nyuzi 465 hivi. Madini ya risasi yangeyeyuka pale. Mwaka 1982 chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua huko, kikapiga picha za rangi na kudumu dakika 127. Mafundi wake walikitarajia kidumu nusu saa tu, kwa hiyo huo ulikuwa ushindi.

"Agosti hii Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi. Sambaza!"
Ujumbe huu haufi. Chanzo chake ni tukio la kweli la tarehe 27 Agosti 2003, Mirihi ilipotukaribia hadi kilomita milioni 55.8. Walioandika mwanzoni walisema ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itafanana kwa ukubwa na Mwezi unaouona kwa macho. Wasambazaji wakaiangusha darubini njiani. Kwa macho matupu Mirihi ni nukta nyekundu, mwaka wowote ule.

"Mwezi una upande usiopata jua kamwe."
Upande tusiouona upo, lakini jua linaupata kama huu wetu. Tena zile siku za giza, mitumbwi ya dagaa inapowasha taa zake ziwani, ndizo siku ambazo upande ule una mchana kamili. Wachina walitua huko kwa chombo chao Chang'e 4 tarehe 3 Januari 2019.

"Pluto ililipuka."
Hapana. Mwaka 2006 wanaastronomia walibadili vigezo vya sayari, ikawekwa kwenye kundi la sayari kibete. Chombo New Horizons kiliipita Julai 2015 na kuikuta salama.

"Watu wameshafika Mirihi, wanatuficha tu."
Waliofika ni mashine, na hakuna aliyezificha; picha za Curiosity na Perseverance, magari yasiyo na watu yanayoichunguza Mirihi, zinapatikana bure. Hapa tatizo ni umbali, na ni vigumu kuuhisi kwa tarakimu. Basi chukua uwanja wa CCM Kirumba. Weka Jua kwenye goli moja, mpira wenye upana wa mita 1. Dunia itakuwa kwenye goli la pili, ndogo kama punje ya mahindi. Mwezi uko sentimita 28 kutoka kwenye punje hiyo, na huko ndiko binadamu wamefika. Mirihi, hata siku ile ya 2003, ilikuwa mita 40. Neptuni iko nje kabisa ya uwanja, zaidi ya kilomita 3.

"Voyager imeshatoka kwenye Mfumo wa Jua."
Hili hata vyombo vya habari hulikosea. Voyager 1, chombo kisicho na watu kilichorushwa 1977, kilivuka mpaka wa upepo wa Jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua, Agosti 2012. Mvuto wa Jua, hata hivyo, unaenda mbali zaidi ya hapo, hadi kwenye wingu la Oort lenye vipande vya barafu, na itachukua miaka 300 hivi kufika mwanzo wake tu. Kwa vipimo vya uwanja wetu, chombo hicho kiko takriban kilomita 18 kutoka golini. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, ingekuwa karibu kilomita 29,000, zaidi ya nusu ya mzunguko wa Dunia.

"Bila mtambo wa mamilioni huoni kitu."
Sayari tano huonekana kwa macho: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Tena Mwanza iko jirani na ikweta, hivyo sayari hupita juu sana, si chini kwenye upeo kama zinavyoonekana nchi nyingi za kaskazini. Darubini ndogo ya mkononi, ile ya kutazamia ndege, ukiiegemeza vizuri inakuonyesha miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mmoja wao, Europa, unafuatwa sasa na chombo Europa Clipper. Kilirushwa Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika kwa Mshtarii Aprili 2030.