Swichi nyekundu haiui injini

Kwenye steji nyingi za bodaboda hapa Kisumu utaambiwa usiguse ile swichi nyekundu ya usukani: eti inaunguza plagi na kuua injini, pikipiki izimwe kwa ufunguo pekee. Wapo hata wanaoizungushia solotepu. Si kweli, na jambo hili linaniumiza, kwa sababu swichi hiyo iliwekwa kwa ajili ya siku mbaya.

Kazi yake ni kukata umeme unaokwenda kwenye plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Cheche ikikosekana, injini inasimama. Ufunguo nao ukizungushwa unakata cheche ile ile, kwa hiyo injini haioni tofauti.

Tofauti iko mkononi mwako. Tuseme waya wa mafuta umekwama kwenye mteremko wa Riat: pikipiki inanguruma na kukimbia ingawa umerudisha ekseleta. Kutafuta ufunguo ni kuachia usukani. Swichi iko upande wa kulia, pale pale kidole gumba kilipo. Kamata klachi kwa kushoto, bonyeza. Hata pikipiki ikianguka, na gurudumu la nyuma bado linazunguka karibu na mguu wa abiria, kidole kimoja kinatosha.

Lawama moja ina msingi. Ukizima kwa swichi ukaacha ufunguo umewashwa, taa zinaweza kunyonya betri, asubuhi stati ikatae. Basi zima kwa swichi, kisha geuza ufunguo na uutoe.

Na pikipiki ikigoma kuwaka, kabla hujaisukuma hadi kwa fundi Kondele, tazama swichi kwanza: huenda mtoto ameibonyeza.