Mpiga Besi Hapimwi kwa Wingi wa Noti

Kila unapozuka ubishi kuhusu mpiga besi bora kuliko wote katika roki na jazi, hatua ya kwanza huwa ileile: mtu anachomoa simu, anatusikilizisha dakika mbili za solo ya kasi, kisha anatutazama kana kwamba kesi imekwisha. Safari hii aliyefanya hivyo ni mpiga gitaa la solo ninayefanya naye mazoezi, mtu anayetegemea besi yangu kila anapopotea katikati ya wimbo, na nimeona heri niandike kuliko kugombana. Kama wingi wa noti ndio ubora, basi mtangazaji wa mpira redioni ndiye mshairi mkubwa kuliko wote nchini.

Tuanze na hiyo simu. Uzi mzito wa besi, uwe wa gitaa la besi au wa besi ya kusimama (ile ya mbao, kubwa kama mtu), ukipigwa wazi hutoa noti ya mi ya chini yenye mitetemo takriban 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo. Unachosikia ni sauti za juu zinazofuatana nayo, na ubongo wako ndio unaojazia ile ya msingi ambayo haipo. Kwa hiyo anayepiga kwenye nyuzi nyembamba, juu kabisa ya shingo la gitaa, anakufikia mzima, ilhali anayebeba bendi kule chini anakufikia nusu. Nusu ya ubishi wetu, basi, ni ubishi kuhusu spika.

Zaidi ya hayo, kasi hudanganya hata studio. Ile solo fupi maarufu ya besi ya Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini katika wimbo “You Can Call Me Al” wa Paul Simon, wa mwaka 1986, ambayo vijana hukesha wakiiiga, nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyochezwa kinyumenyume kwenye tepu. Kumalo ni fundi wa kweli na hahitaji utetezi wangu, lakini wanaomsifu kwa vidole pekee wanaisifu pia mashine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa. Watu huzungumzia noti inaanzia wapi, na karibu hakuna anayeuliza inaishia wapi. Chukua besi yako, piga noti ya sol ya chini kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo la gitaa) ya uzi mzito, pamoja na ngoma ya mguu ya mpiga drams. Ukiiacha noti ivume mpaka pigo linalofuata, muziki unalala. Ukiinua kidole cha mkono wa kushoto kidogo tu, bila kuuachia uzi, noti ikakatika palepale ngoma ndogo inapolia, ghafla wachezaji wanaanza kusogea, na wewe hujaongeza noti hata moja. Ukiikata mapema zaidi, wimbo unakuwa na wasiwasi. Haya yote ni maamuzi ya sehemu ndogo mno ya sekunde, yanayofanywa mara mamia katika wimbo mmoja, na hayaonekani kwenye video yoyote ya solo. Sisi tuliolelewa na rumba na muziki wa dansi tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika, maana besi ya rumba inaishi kwa kunyamaza.

Ndiyo maana namweka James Jamerson juu. Alikuwa mpiga besi wa studio za Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, Marekani, aliyeanzia kwenye besi ya kusimama na jazi kabla ya kushika gitaa la besi, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada. Nyuzi zake zilikuwa nzito, laini kwa nje, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Chini ya kifuniko cha daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, kulikuwa na kipande cha sponji. Mwanafunzi wa leo angeona hayo ni uzembe. Matokeo yake yalikuwa noti inayozaliwa nzito na kufa yenyewe upesi, ikiacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo Jamerson aliweza kupachika noti nyingi za kupita, zile za kuunganisha noti kuu, bila kumkanyaga mwimbaji. Sikiliza “Bernadette” ya Four Tops, ya mwaka 1967, na umfuate yeye peke yake: noti ni nyingi, naam, lakini hakuna hata moja inayojitangaza.

Katika jazi hoja ni hiyohiyo, ila ala ni nyingine, na hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Uzi wa besi ya kusimama una urefu wa takriban sentimita 105, haina freti, na sauti yake hutoka kwa nguvu za mkono. Uzi wa gitaa la besi la kawaida, lile ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1951, ni kama sentimita 86, na umeme unakusaidia. Kulinganisha kasi ya wapigaji wa ala hizi mbili hakuna maana. Paul Chambers, katika “So What” ya Miles Davis ya mwaka 1959, anaanza kwa kubeba wimbo wenyewe huku wengine wakimwitikia, na watu hukumbuka hapo tu. Kazi ngumu inafuata. Wimbo ule unakaa kwenye kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) muda mrefu, kiasi kwamba mwisho wa mzunguko mmoja ukiungana na mwanzo wa mwingine, mpiga besi anatembea mapigo 96, noti moja kwa kila pigo, bila kodi kubadilika. Jaribu. Kufika pigo la 40 utakuwa umeishiwa maneno, au utaanza kupiga mapambo ili usionekane umeishiwa. Chambers hafanyi lolote kati ya hayo.

Simaanishi kwamba noti nyingi ni dhambi. Scott LaFaro, aliyerekodi na mpiga piano Bill Evans kule klabu ya Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961 na kufariki kwa ajali ya gari siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 25, alipiga noti nyingi kwa sababu trio ile ilikuwa mazungumzo ya watu watatu. John Entwistle wa The Who alijaza kwa sababu bendi ilikuwa na gitaa moja na mpiga drams, Keith Moon, ambaye hakuwa na haja ya kutunza mwendo kwa utulivu. Jack Bruce wa Cream alitoka kwenye jazi na hakuificha. Donald “Duck” Dunn, huko Memphis, alipiga noti chache, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zimepungua.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kufundishia hulipita kimya, nami limenisumbua kwa miaka. Wanaandika kuhusu “wakati” wa mpiga besi, yaani anavyozipanga noti zake kwenye mwendo, kana kwamba ni mali yake binafsi. Jamerson alipiga na mpiga drams Benny Benjamin, Chambers alipiga ile “So What” na mwenzake wa drams Jimmy Cobb. Kwa masikio yangu siwezi kuapa kwamba ninachokipenda ni besi na si umbali mdogo kati ya besi na drams, na umbali huo una wenyewe wawili. Inawezekana kabisa kwamba tunawapa tuzo watu binafsi kwa kazi ya jozi.

Jingine ni majina. Motown kwa miaka mingi haikuandika majina ya wanamuziki wake kwenye majalada. Jamerson alitajwa waziwazi kwenye “What's Going On” ya Marvin Gaye, mwaka 1971, baada ya dunia kumcheza kwa takriban muongo mzima bila kumjua.

Nikibanwa nitoe orodha, basi wa kwanza ni Jamerson. Nafasi ya pili hubadilika kati ya Chambers na Ron Carter, mpiga besi wa jazi ambaye mwaka 2015 Guinness, watunza rekodi za dunia, ilimtambua kwa kushiriki rekodi 2,221, idadi ambayo haipatikani kwa mtu anayewasumbua wenzake. Jaco Pastorius, ambaye ndiye alikuwa kwenye ile simu, namweka wa nne, na si kwa kumdharau. Anayetaka kumpandisha asiniletee tena “Donna Lee” ya mwaka 1976. Aje na “A Remark You Made”, aliyoipiga na bendi ya Weather Report, iliyotoka mwaka uliofuata, polepole, kwenye gitaa lisilo na freti, na tutaongea.